Jua la Karafuu

Msimu ukifika, Mgagadu nzima hutazama juu.
Wingu likiwa dogo kama kiganja
mtu hutoka jikoni na mwiko mkononi:
"Anueni! Anueni!"
Na baba, ambaye kwa maji ya kunywa haondoki kitini,
hukimbia pekupeku akalikunja jamvi
kama anayemfunika mtoto.

Mie nina vitambaa vinne.
Vilikatwa kwenye kanga ya marehemu shangazi Mkasi,
na jina la kanga likakatwa navyo:
kimoja kimebaki na WACHA,
kingine WASEME,
viwili havina neno.
Navifua usiku kwa maji ya dumu,
nakamua hadi vidole vinakuwa vyeupe,
kisha navitia chini ya godoro.
Asubuhi vina harufu ya kisima kilichofukiwa.
Navivaa hivyo hivyo.

Somo wangu, Bi Asaa, alinifunza siku tatu:
namna ya kukunja, namna ya kukaa,
namna ya kupita mbele ya wanaume
pasijulikane kuwa mwili uko kazini.
Nisiguse chupa ya achari, itachacha.
"Na kitambaa chako asikione kiumbe,
hata jua."
Hata jua.
Nilimwamini. Alisema kwa upole,
na mkononi alikuwa akinitia hina.

Skuli, mwalimu Rabuu alifika ukurasa wa arubaini na moja,
akakohoa, akafunua kurasa mbili kwa pamoja:
"Hapa mtasoma wenyewe majumbani."
Nyumbani kitabu hakipo.
Vitabu sita, wanafunzi hamsini na nane.
Choo cha wasichana kina mlango, hakina komeo;
tunakwenda wawili wawili, mmoja ndiye komeo.
Komeo langu ni Mize.

Kwenye daftari la mahudhurio, kila mwezi,
siku nne mfululizo, mbele ya jina langu: mgonjwa.
Sikuwa mgonjwa.
Kisha nikawa.
Nikawashwa mapajani, nikatembea kama bata,
nikajiambia labda ndio ukubwa wenyewe,
labda wote wanawashwa na hawasemi.

Mize ndiye aliyenivuta mkono hadi kituo cha afya.
Muuguzi alikuwa mjamzito, amechoka, feni imekufa.
Hakuniuliza nimetembea na nani.
"Unavianika wapi?"
Nikatazama sakafu.
"Mtoto wa karafuu wewe. Ukizirundika mbichi
chini ya godoro, zinakuwaje?"
"Zinavunda."
"Basi."
Akanipa dawa ya kupaka, akamwita mwengine.

Jumamosi nikafunga kamba nyuma ya jiko.
Sikufunika kwa shuka.
WACHA huku, WASEME kule,
wale wawili wasio na neno katikati.
Kuku alipita, akatazama, akaenda zake.
Hakuna kilichotokea,
ila miguu yangu ilitetemeka
kama niliyesimamishwa mwenyewe pale kambani.

Saa saba, wingu.
"Anueni!"
Baba akaruka, kaka Faki akaruka,
hata jirani tusiyesemezana naye akaja kushika jamvi.
Mie nilishika ncha, macho nyuma ya jiko,
tone la kwanza likanipiga kisogoni.
Nani atakimbilia vile?

Bibi Mchanga, ambaye goti lake halikunjiki tangu masika,
alizipita karafuu.
Alizipita, mali yote ile, akachechemea hadi nyuma,
akarudi navyo vinne ndani ya upindo wa kanga yake.
Akatoa kimoja. Akakigusisha shavuni,
akatulia, kama anavyoivunja karafuu kwa ukucha
asikilize kama imekauka.
Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kazi,
mbele ya watu:
"Hiki bado. Mvua ikikatika, kirudi juani."

Baba akaendelea kufunga jamvi.